Nilivyomfisha Mke Wangu Kakuma

Vijana wa kanisa letu wana maneno mapya siku hizi. Wanasema, "Ni uongo mdogo tu, mzee, wa kujisaidia, haumdhuru mtu." Nikisikia hivyo natamani kutupa fimbo. Nani aliupima akajua ni mdogo? Mimi niliwahi kusema uongo wa neno moja mbele ya karani aliyekuwa na haraka ya kwenda kula, na neno hilo lilinitembeza kutoka Kakuma mpaka Lodwar, kutoka Lodwar mpaka Katilu, likanirudisha Kakuma nikiwa nimeinamisha kichwa. Kidogo nimpoteze mama wa watoto wangu kwa ajili yake. Kwa hiyo acheni niandike. Asiyetaka kusoma afunge.

Kwanza mjue anayesema ni nani. Shule nilikaa miaka miwili, nikatolewa kwenda kuchunga. Kutoka kwa mbuzi nikaenda kupakia na kupakua malori ya Lokichoggio, na kutoka kwa malori nikaingia biashara ya ngozi. Unanunua ngozi mbichi ya mbuzi, unaipaka chumvi, unaitandaza, zikitosha unapakia lori la Kitale. Kazi inanuka. Watu walikuwa wakiniona wanageuza pua. Lakini ngozi zile zilinijengea stoo ya mabati pale Lodwar wakati majirani wangu walikuwa bado wanaezeka majani ya mkoma. Hakuna mtu aliyenisukuma, na hakuna wa kuniambia leo kwamba alinisaidia.

Mke wangu nilimtoa kwao Katilu, kule wanakolima mtama kwa maji ya mto Turkwel. Mahari nilitoa kwa miaka mingi, kidogo kidogo, kama desturi yetu ilivyo. Yeye alibatizwa kabla yangu, na kanisa letu lilikuwa kali: mwanamke anayekaa na mwanamume bila ndoa ya kanisa haji mezani pa Bwana. Kila siku ya ushirika wenzake walisimama kwenda mbele, yeye akabaki kwenye benchi akitazama miguu yake. Aliniomba ndoa ya kanisa mpaka akachoka kuomba. Nilikuwa namjibu, "Ngoja nimalize mifugo ya baba yako." Katika miaka ile ya tisini nikamaliza kweli. Dume la ng'ombe la harusi likachinjwa Katilu, wazee wakala, wakapangusa mikono. Hapakuwa na kisingizio tena. Kilichobaki ni kanisa tu, na mama wa watoto alikuwa ameshaanza kuuliza bei ya kitambaa cheupe.

Wakati huohuo kambi ya Kakuma ilikuwa inajaa Wasudani. Kwangu ilikuwa baraka, kwa sababu penye watu pana kuchinja, na penye kuchinja pana ngozi. Kila baada ya wiki mbili nilipanda lori kwenda kununua. Huko nikawaona wamepanga mistari, kadi mkononi, wanapimiwa mahindi, unga na mafuta ya kupikia. Mwaka ule mvua ilikataa. Upande wetu mbuzi walikuwa wanalala chini na hawaamki. Watu wangu walikaa ng'ambo ya laga, ule mto mkavu, wakitazama mafuta ya wageni yakiangaza kwenye chupa.

Nitasema wazi, kwa sababu wengi hapa hupenda kuficha: njaa ilikuwa ya watu wangu, haikuwa yangu. Nyumbani kwangu kulikuwa na unga. Lakini roho iliniuma. Nilisema nchi ni yetu, kuni ni zetu, maji ni yetu, kwa nini mafuta yawe yao? Nikaita hiyo haki. Kisha nikaanza kupanga namna ya kuiba.

Njia haikuwa ngumu. Ng'ambo ya Nadapal, mpakani na Sudani, kuna Watoposa, na lugha yao ni kama yetu. Mturkana na Mtoposa wakikutana wanaelewana bila mkalimani. Mimi kwa sababu ya ile kazi ya malori nilijua hata kuvuta maneno kama wao. Nikavua saa, nikavaa shuka ya zamani, nikaenda kusimama kwenye mstari wa wageni wapya. Nilikuwa nimejiandaa kwa kila swali. Nitasema niko peke yangu, sina mke, sina mtoto, niandikieni kadi ya mtu mmoja.

Karani alikuwa kijana wa kutoka chini, mikoa ya mvua. Jua lilikuwa limemchosha.

"Umetoka wapi, mzee?"

"Ng'ambo ya Nadapal."

"Kabila?"

"Mtoposa."

"Bibi?"

Hapo ndipo nilipokwama. Jibu lilikuwa tayari: sina. Lakini lilikataa kutoka. Mtu wa umri wangu hana mke? Kwetu mwanamume asiye na mke, hata akiwa na mvi, nyama ikigawanywa anakaa upande wa vijana. Mimi mwenye stoo ya mabati, niliyemaliza mahari, niandikwe kwenye karatasi ya watu wakubwa kwamba nimeshindwa kuoa! Na nikisema niko naye, ataniambia nimlete aonekane.

"Mzee, bibi yuko ama hayuko?"

"Alikuwako."

"Sasa yuko wapi?"

"Amekufa."

"Wapi?"

"Njiani. Tukiikaribia Nadapal."

"Pole," karani akasema bila kuinua kichwa, akaandika, akanipa kadi.

Hivyo tu. Nilimfisha mke wangu kwa sababu ya majivuno. Hata mafuta hayakuwa sababu kamili. Kama ningekubali kuonekana kapera kwa dakika mbili, mambo haya yote yasingekuwako.

Nilifikiri yameishia pale kwenye karatasi. Nyuma yangu kwenye mstari alikuwapo bibi mmoja mzee, Mtoposa wa kweli, amekuja na kijukuu mgongoni. Alikuwa amesikia kila neno. Akaanza kulia. Si kile kilio cha heshima cha kusaidia mwenzio. Alilia kama maiti iko pale chini mbele yetu. Watu wakageuka. Mimi nikawa namwambia, "Nyamaza, mama, yamepita," naye ndiyo anazidi. Kisha akanyamaza ghafla, akanitazama kichwani, akanishika nywele na kuzivuta.

"Na hizi?"

"Nywele, mama."

"Naona ni nywele. Mke wako amekufa na wewe unatembea na nywele?"

Kwetu na kwao msiba ukiingia nyumba, watu wa nyumba hiyo wananyolewa. Kila mtu kwenye ule mstari alinitazama kichwa.

"Hatukuwa na wembe njiani," nikasema.

"Hapa upo."

Jamani! Nilikalishwa juu ya jerikani tupu katikati ya kambi, jua la saa sita, wanawake wanne wakaninyoa kwa wembe mmoja na maji ya sabuni. Walikuwa wananyoa huku wanalia. Mwinjilisti wa kanisa lao, Msudani mrefu sana, akaitwa aje kuniombea. Watu wakapita mmoja mmoja wakinishika bega, wakisema, "Malesh, malesh," hilo ni neno lao la pole. Mwishowe yule bibi akaenda kwenye kibanda chake cha turubai, akarudi na kikombe cha mafuta. Mafuta yake mwenyewe, ya kadi yake. Akanipa. Wengine wakaleta unga. Nilikuwa nimeenda kuwaibia, nao wakawa wananigawia kabla sijaiba.

Msifikiri niliwahurumia. Niliudhika. Nilikuwa nawaza, watu hawa hawana kazi?

Nilirudi Lodwar kichwa kinang'aa. Mama wa watoto alikuwa anachambua mboga. Akaacha.

"Nani amekufa?"

"Hakuna."

"Baba watoto, umenyolewa. Nani amekufa?"

"Ni chawa tu. Chawa wa Kakuma."

Akacheka mpaka akakaa chini. "Miaka yote hiyo na ngozi zinazonuka hukupata chawa, leo ndiyo wamekupenda?" Kisha akaona wembe ulipokata nyuma ya sikio. Akasema, "Walikunyoa vibaya, njoo." Akamimina mafuta kwenye kiganja, yale ya kikombe cha bibi, akanipaka kichwa chote polepole. Akauliza mafuta nimeyapata wapi. Nikamwambia nimebadilisha na ngozi. Tayari uongo ulikuwa umezaa, na watoto wake walikuwa wanaongezeka.

Kila wiki mbili nilienda kuchukua chakula changu cha wizi, na kila wiki mbili walinifariji. Mtu hajui kero mpaka afarijiwe kwa msiba ambao hana. Bibi alinisubiri penye mlango wa kugawia. Hakuniruhusu kuondoka mpaka nikae kibandani kwake ninywe uji.

"Mwanangu, zungumza. Usiweke ndani, itakuua."

"Sina la kusema, mama."

"Alikuwa mtu wa namna gani?"

Sasa ningefanya nini? Nilimsimulia mama wa watoto wangu kama alivyo. Nikasema ni mrefu. Nikasema anaimba akisaga, na sauti si nzuri, lakini akinyamaza nyumba inakuwa mbaya. Nikasema ana kovu la moto mkono wa kushoto, kama jani, sufuria ilimwunguza wakati mtoto wetu wa kwanza akiwa tumboni. Nikasema hajawahi kuniambia ninanuka. Bibi alisikiliza huku anatikisa kichwa na machozi yanashuka. Maneno hayo sikuwahi kumwambia mwenyewe hata siku moja. Niliyatoa kwa mgeni, na niliyatoa kwa kumzika.

Baadaye wakaanza kunitafutia mke. Mwinjilisti akasema si vizuri mwanamume akae peke yake, kuna mjane mwema hapa mstari wa tatu wa vibanda. Nikasema bado nina uchungu. Wakanisifu kwa uaminifu wangu! Nilitaka kupiga kelele.

Nikaamua kuacha. Ndoa yangu ya kanisa ilikuwa imekaribia, nikasema nikishafunga ndoa naichana ile kadi, siendi tena upande ule wa kambi, na jambo litakufa lenyewe. Mchungaji wetu wa Lodwar akaanza kututangaza. Kwetu hutangazwa Jumapili tatu, ili mwenye pingamizi aseme. Ya kwanza ikapita. Ya pili ikapita. Mama wa watoto alikuwa ameshashona nguo yake. Alikuwa anaimba hata akiwa hasagi kitu.

Jumapili ya tatu kanisa letu lilikuwa limealika kwaya ya kambini. Mimi mambo ya kwaya sifuatilii. Nilikuwa nimekaa mbele na tai ya kuazima nilipoona wanaingia mlangoni wakicheza, Msudani mrefu ametangulia, na katika wale kina mama wa nyuma, yuko yule bibi yangu wa uji. Nilijikunja nyuma ya mtu mnene. Mtu mnene naye akahama.

Mchungaji akasoma majina yetu. Akauliza kama kuna mtu ana neno. Bibi alikuwa ameniona. Akapiga kigelegele ambacho kilitingisha mabati.

"Mungu ni mwema!" akasema, kwa lugha ambayo kila Mturkana ndani ya kanisa lile aliielewa. "Huyu ni mtoto wetu! Sisi ndio tuliomnyoa, mke wake alipofia njiani! Tulilia naye, na leo Mungu amempa mwingine!"

Mngeona furaha ya yule mama. Hakuja kunishtaki. Laiti angekuja kunishtaki, ningegombana naye. Alikuja kunishangilia. Akapita katikati ya benchi akicheza, mpaka kwa bibi arusi wangu, akamshika mikono.

"Binti yangu, mtunze huyu. Aliteseka. Na usimwonee wivu marehemu, alikuwa mtu wa maana sana."

"Marehemu gani?" mke wangu akauliza.

"Yule wa kwanza. Mrefu hivi kama wewe, anaimba akisaga, na hapa mkononi ana..."

Akanyamaza. Alikuwa amemshika mkono wa kushoto. Akaugeuza. Kovu lilikuwa pale, kama jani. Mke wangu akalitazama kovu lake, kisha akanitazama mimi, kichwani, mahali nywele zilipokuwa zinaota.

Kuna mtu alicheka nyuma. Mchungaji akaikunja karatasi. "Tangazo hili limesimamishwa," akasema. Hata hakunitazama.

Nyumbani nilianza kueleza. Nilieleza habari za karani, habari za haki, habari za wenye nchi. Mama wa watoto alikuwa anafunga nguo zake kwenye shuka. Aliniacha niseme mpaka maneno yakaisha.

"Nilipomsikia yule mama," akasema, "mara ya kwanza nilifikiri ulikuwa na mwanamke Kakuma akafa. Nikasema moyoni, nitasamehe. Afadhali ungekuwa naye."

"Lilikuwa neno tu."

"Nilikupaka mafuta, baba watoto. Nilikupaka mafuta kwenye msiba wangu mwenyewe, na nilikuwa nacheka."

Akachukua mtoto mdogo, akaenda kwao Katilu.

Nilimfuata baada ya siku chache nikiwa na sukari na majani ya chai. Mkwe wangu alikuwa kwenye shamba lake anaelekeza maji kwenye mifereji. Tulisalimiana, ejok, ejok. Hakuacha jembe.

"Mkwe, nimekuja kumchukua mke wangu."

"Mke wako alikufa. Nilisikia. Pole."

"Mzee, usinifanyie hivyo. Mahari nimemaliza, unajua."

"Ulimaliza vizuri, sina neno na wewe. Mifugo ile ilikuwa ya yule aliyekufa karibu na Nadapal. Huyu aliye kwangu ni binti yangu, hajaolewa na mtu."

"Mzee!"

"Unapiga kelele kwa nini? Maneno ni yako, mimi nayafuata tu." Akasukuma udongo kwa mguu, maji yakageuka. "Wewe ni mtu wa ngozi, hujui shamba. Hapa nilitupa mtama. Umeota mtama. Sijawahi kushangaa. Lakini ninyi watu wa mjini mnatupa mbigiri halafu mnakuja kuniuliza kwa nini nyayo zinawauma."

Hilo ndilo linaloudhi kuliko yote, kutukanwa na mtu ambaye hajakosea hata neno.

Mama wa watoto alitoka akasimama mbali. Akasema jambo moja tu. "Nenda uniseme niko hai, palepale uliponisema nimekufa. Kwa mdomo, mbele ya walewale. Usitume barua."

Nikaenda. Kwanza kwa karani, nikamrudishia kadi. Alikasirika kweli, si kwa wizi. Ni kwa sababu nimemharibia kitabu. "Sasa mzee, kuna mahali pa kuandika amekufa. Amefufuka nitaandika wapi?" Akanifukuza na kuniambia nikionekana tena kwenye ule mstari ataita polisi. Hilo lilikuwa rahisi.

Kanisani kwao ndipo palikuwa pagumu. Jengo la miti na turubai, watu wamekaa chini, joto. Nilisimama mbele nikasema: mimi si Mtoposa, mimi ni Mturkana wa Lodwar, nina stoo, mke wangu hajafa, nilisema hivyo nipate kadi. Nilikuwa nimejitayarisha kwa matusi. Hakuna aliyetukana. Mwinjilisti alitazama chini. Kisha bibi akasema kutoka alipokaa, kwa sauti ndogo:

"Basi yule niliyemlilia alikuwa nani?"

Nikatoka.

Mwinjilisti ndiye aliyenieleza nje. Binti wa yule bibi, mama wa kile kijukuu alichokuwa nacho mgongoni siku ile, alikufa kwenye njia hiyohiyo, kabla ya Nadapal. Walikuwa wanakimbia. Hawakusimama hata kumfunika kwa mawe. Bibi alipitisha siku nyingi bila kutoa chozi, watu wakaanza kuhofia akili yake, mpaka siku ile kwenye mstari alipomsikia Mtoposa mmoja akisema mke wake amefia njiani wakiikaribia Nadapal. Ndipo alipolia. Kila alipokaa na mimi na kuniuliza habari za marehemu wangu, alikuwa anamzika wake.

Nilikuwa nimefikiri nimeiba mafuta tu.

Watu hudhani Mungu akitaka kumkomesha mwongo hushusha radi. Mimi sikuona radi. Alinitumia watu wema, wakaliamini neno langu, wakalitunza, wakalimwagilia machozi mpaka likawa mti mbele ya nyumba yangu. Ningepigwa ningepona mapema.

Nilirudi kwa bibi kuomba radhi. Akakataa. "Sitakusamehe kwa maneno. Maneno yako nimeshayala. Nataka kumwona yeye."

Nikarudi tena Katilu, mara ya pili, bila sukari. Mkwe wangu aliponiona tu akasema, "Leo amekufa nani?" Sikumjibu. Nilimweleza mama wa watoto habari za binti wa yule bibi, bila kupunguza. Mtoto alikuwa anamvuta ushanga.

"Nitaenda," akasema. "Siendi kwa ajili yako."

Kwenye lori alikaa mbele na dereva. Mimi nilikaa juu na magunia. Tulipofika kibandani, bibi alisimama, akamgusa mkono, akagusa kovu, akamgusa uso wote kama mtu asiyeona.

"Uko," akasema.

"Niko, mama."

"Nilikulilia sana."

"Nimeambiwa. Sasa niambie yeye. Binti yako alikuwa mtu wa namna gani?"

Wakaingia ndani. Hakuna aliyeniambia niingie, hakuna aliyeniambia nikae. Nilisimama juani mpaka kivuli cha kile kibanda kikazunguka upande wa pili. Nilisikia kilio cha wawili, baadaye nikasikia mke wangu anaimba ule wimbo wake wa kusagia, vibaya kama kawaida. Bibi alinisamehe jioni ile. Alinisamehe kwa kunipa uji bila kunitazama.

Mke wangu alirudi Lodwar, lakini kwa ndoa alikuwa hana haraka. Mchungaji aliniweka benchi la nyuma miezi mingi, na alipomwambia mke wangu kwamba sasa tunaweza kutangazwa upya, akajibiwa, "Mchungaji, nimefufuka juzi tu. Niache nizoee." Watu wote walicheka isipokuwa mimi. Nilimngoja. Yeye aliwahi kuningoja mimi, na sikumbuki kama nilihesabu.

Siku ilipofika, kanisa lilijaa hadi madirishani. Sijidanganyi kwamba walikuja kwa upendo, walikuja kuona kama kuna mwingine atasimama. Hakusimama mtu. Mchungaji akaniuliza, nikakubali kwa sauti ya juu. Akamwuliza yeye.

Kimya.

Akamwuliza tena. Mke wangu akanigeukia, na alisema bila kunong'ona.

"Kwanza nikuulize. Siku nikifa kweli, ukitoka nje ukawaambia watu nimekufa, nani atakuamini?"

Nilifikiri. Niliangalia benchi zile. Wote walikuwa wananitazama, na nilijua jibu, na walijua najua.

"Hakuna," nikasema.

"Basi tangulia wewe kufa," akasema, akamgeukia mchungaji. "Ndiyo. Nimekubali."